Kijana Hujifunza Wajibu kwa Kupewa Wajibu

Kila mwezi wa Januari, shule za sekondari zifunguliwapo, barabara za Tukuyu huonyesha jambo ambalo halikosi kumgusa mtu mwenye moyo wa mzazi. Magodoro yaliyokunjwa hupita juu ya pikipiki, pamoja na ndoo mpya, sufuria ndogo, kifurushi cha unga na mkungu wa ndizi; na katikati ya mizigo hiyo ameketi mtoto wa miaka 13 au 14 anayekwenda kuanza kidato cha kwanza. Wengine wanakwenda bwenini. Wengine, kwa kuwa shule i mbali na nyumbani na bweni hakuna, wanakwenda kupangishiwa chumba karibu na shule. Vijana wenyewe hukiita chumba hicho geto. Mzazi hulipa kodi, huacha chakula na fedha kidogo, husema maneno mawili matatu ya kuonya, kisha hupanda gari kurudi Mwakaleli au Lwangwa akiamini kwamba ametimiza wajibu wake.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mzazi huyo. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, nao mlango wa sekondari umefunguka kwa watoto wa wakulima ambao zamani wangebaki nje. Hilo ni jema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini yafaa tutambue tunachokifanya. Siku ile mzazi anapoondoka na mlango wa chumba unapofungwa, mtoto ameingia katika kijiji chake mwenyewe, ambacho wakazi wake ni watu wa rika lake. Na hata kijana alalaye chini ya paa la baba yake amekwisha kupata kijiji cha namna hiyo: kijiwe cha bodaboda, kibanda cha kuonyeshea mpira, na kundi lake la kwenye simu, ambamo mzazi hana kiti. Hatuna uwezo wa kuamua kama vijana wetu wawe na kijiji chao au wasiwe nacho, maana wanacho tayari. Tunaloweza kuuliza ni hili: katika kijiji hicho kuna kazi gani, nani anakula na nani, na ni mzee gani anayepita kutazama?

Vijiji vya rika

Nchi ya Rungwe ina sababu ya pekee ya kuuliza swali hilo, kwa maana wazee wa Kinyakyusa waliwahi kulijibu kwa namna iliyowashangaza hata wataalamu wa mbali. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya uchunguzi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, na mwaka 1951 Bibi Wilson alitoa kitabu kizima juu ya vijiji vya rika. Mtoto wa kiume, tangu miaka sita hivi, alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na watoto wa majirani. Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliwaachia wadogo zake mifugo, akashika jembe. Na wakati huo huo akaacha kulala nyumbani kwa baba. Yeye na wenzake walijijengea vibanda vyao kando, kwanza kama mchezo, baadaye kama makao ya kweli. Walipokua walioa papo hapo, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya adabu: haikufaa kijana anayekua awe karibu mno na mambo ya ndoa ya wazazi wake.

Mgeni angeweza kudhani kwamba wazazi hao waliwatupa watoto wao. Sivyo hata kidogo. Kwanza, mvulana aliyelala kando aliendelea kulima mashamba ya baba yake. Jembe lake lilikuwa na kazi, na nyumba nzima ilikula kwa kazi hiyo. Pili, hakujipikia. Alikwenda kula kwa mama yake, wala hakwenda peke yake: walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Basi kila mama aliwaona kwa macho yake marafiki wa mwanawe, akaweza kujua nani amekonda na nani amepigana. Tatu, waliamini kwamba akili na adabu hupatikana katika kukaa vema na wenzako, kula pamoja, kuzungumza na kusaidiana. Jambo hilo waliliita ukwangala. Mtu apendaye kula peke yake hakusifiwa kwa kuwa na uwezo, alidharauliwa.

Tena mbele yao palikuwa na siku ya makabidhiano. Mara moja hivi katika kila kizazi, vijana hao walipokuwa wamekwisha kuoa na kupata watoto, ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, maana yake kutoka. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, moto mpya ukawashwa kwa kupekecha, na kizazi cha baba kikawaachia wana uongozi wa nchi. Kijana aliyelima shamba la baba yake alijua tangu utotoni kwamba iko siku ambayo nchi itawekwa mikononi mwake mbele ya watu wote. Alikuwa na jambo la kujitayarishia.

Hatusemi turudi huko. Yalikuwamo mambo ambayo Injili haiwezi kuyabariki. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Mara nyingi waliposwa wakiwa bado watoto, kabla hawajavunja ungo. Wazee wenye ng'ombe wengi walioa wake wengi, na vijana wakangoja muda mrefu. Mtu aliyekosa aliogopa ugonjwa ambao watu waliamini kwamba huletwa na manung'uniko ya majirani, yaliyoitwa pumzi ya watu. Alijifunza kuogopa midomo ya wanadamu, ambapo Kristu anatufundisha kusikiliza dhamiri mbele ya Baba aonaye sirini. Ndugu zetu Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Kanisa Katoliki lilisimamisha Misheni ya Tukuyu mwaka 1932, iliyokuwa Vikarieti ya Mbeya mwaka 1949, Jimbo mwaka 1953 na Jimbo Kuu mwaka 2018. Habari Njema iliyoletwa ilimpa msichana heshima ya mtu kamili na ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, nasi hatutaki kurudi nyuma hatua moja.

Vijiji vile, hata hivyo, havikuondolewa na Injili peke yake. Vijana walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, na baadaye wengine wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wakapata fedha zao wenyewe, wasingoje tena ng'ombe wa baba. Kahawa na chai, mimea ikaayo shambani miaka mingi, ziliifanya ardhi iwe ya mtu na nyumba yake. Watu wakaongezeka, nafasi ya kuanzisha kijiji kipya ikakosekana. Basi desturi ikafa.

Tulichobaki nacho

Sasa tuangalie tulichobaki nacho. Kijana wa leo bado analala mbali na wazazi, kama babu wa babu yake. Lakini jembe limeondoka: twamwambia kwamba kazi yake ni kusoma tu, na mengine tutafanya sisi. Chungu cha mama kimeondoka: anajipikia peke yake, au hununua chipsi, na mama wa rafiki yake hamjui kwa sura wala kwa jina. Macho ya jirani yameondoka: jirani anaona wavulana na wasichana wakiingia chumbani usiku, naye anasema moyoni, "Si wangu." Na siku ya makabidhiano imeondoka: yuko mtu wa miaka 35, mwenye mke na watoto, ambaye baba yake hajamwonyesha hata mpaka wa shamba. Tumeuchukua utengano wa wazee wetu, tukayaacha yote yaliyoufanya uwe malezi.

Kisha twakutana katika vikao na kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kuwajibika. Twauliza kwa unyenyekevu: awajibike kwa lipi? Ni kitu gani tumemkabidhi ambacho kikiharibika, kitaharibika mikononi mwake?

Mtoto wa miaka kumi na miwili

Injili inatuambia habari moja tu ya Bwana wetu Yesu Kristu akiwa katika umri huu, nayo tunaisikia kwa Mtakatifu Luka, katika sura ya pili. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Walikwenda Yerusalemu kwa Pasaka, na wakati wa kurudi, Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima bila kumwona, wakidhani yumo msafarani pamoja na jamaa na rafiki zao.

Wasomaji wengi hupita hapo upesi ili wafike Hekaluni. Sisi twaomba mkae kidogo hapo njiani. Mama aliye mtakatifu kuliko wanawake wote, na mlezi aliye mwenye haki, waliweza kukaa kutwa bila kumwona mtoto wa miaka kumi na miwili, wala hawakushtuka. Kwa nini? Kwa sababu waliujua msafara. Waliwajua watu aliokuwa akitembea nao. Hawakumfunga kamba mkononi. Walimwacha atembee na watu waaminifu. Mzazi asiyewajua wenzake na mwanawe hawezi kuwa na amani hiyo, hata akimpigia simu mara kumi kwa siku.

Walipomkosa, walirudi wenyewe. Hawakutuma mtu, wala hawakungoja arudi akiona njaa. Walimtafuta hadi siku ya tatu. Walipomkuta, Mama alimwuliza kwa nini ametenda hivyo, akamweleza wazi uchungu waliokuwa nao yeye na Yosefu. Mtoto akapewa nafasi ya kujibu. Jibu lake hawakulielewa, lakini Mama hakulitupa. Aliyaweka mambo hayo yote moyoni. Mara ngapi sisi twamwuliza kijana swali, na kabla hajafungua kinywa tumekwisha kumjibia kwa fimbo?

Na mwisho wa habari ni Nazareti. Alishuka pamoja nao, akawatii. Yeye aliyejua kwamba anayo kazi ya Baba yake wa mbinguni alikaa miaka mingi katika nyumba ya fundi seremala, akifanya kazi za watu wa kijiji. Mungu mwenyewe hakuona njia bora ya kukua kuliko hiyo: kutii, kufanya kazi, na kuishi kati ya majirani.

Kanisa halijaacha kufundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, umewakumbusha wazazi kwamba wao ni walezi wa kwanza, na kwamba familia ni shule ya kwanza ya fadhila ambazo jamii inazihitaji. Hayati Papa Fransisko, katika barua yake Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwaonya wazazi kwamba kutaka kujua kila mahali alipo mtoto na kuzuia kila hatua yake si malezi. Lililo kubwa ni kumsaidia akue katika uhuru na kujua moyo wake uko wapi. Hata sheria ya nchi yetu yasema vivyo hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, tunayoitaja mara nyingi kwa ajili ya haki za mtoto, inataja pia wajibu wake: kuheshimu na kusaidia wazazi na wakubwa, kuitumikia jamii kwa nguvu na akili zake kadiri ya umri wake, na kudumisha umoja wa familia na taifa. Basi mtoto anayo haki ya kulindwa, naye ana wajibu wa kutumika, na mzazi mwema humfundisha yote mawili.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwape kazi ya kweli. Kazi ya kweli ni ile ambayo ikiachwa, yuko mtu atakayeumia. Kumwagiza kijana mambo madogo kila baada ya dakika tano si kumpa kazi. Lakini mwambie mwanao aingiapo kidato cha kwanza: "Miche hii kumi ya parachichi ni yako kuitunza." Mche uliobebeshwa, ukitunzwa vema, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo atachuma matunda ya kwanza kabla hajamaliza kidato cha nne. Katika miaka hiyo atajifunza subira, palizi na mbolea, na uchungu wa kupoteza mche aliousahau. Mwingine apewe ndama wa ng'ombe wa maziwa, au mistari kadhaa ya chai ya kuchuma siku za Jumamosi na za likizo. Akikosea, tusiende usiku kurekebisha kwa siri kisha tukampigia kelele asubuhi. Aone mwenyewe mche uliokauka, na aambiwe aupande upya.

Hapa twatoa onyo. Wako wazazi na walezi ambao, wakisikia neno kazi, watamtoa mtoto shuleni akachume chai ya watu kutwa nzima, au watamtuma msichana wa miaka 13 kuwa mtumishi mjini. Huo ni wizi wa utoto, nasi hatuutetei. Mtakatifu Yohane Bosco, huko Torino katika miaka ya 1850, aliandikiana mikataba na mafundi waliowachukua vijana wake kujifunza kazi: kijana apumzike siku za sikukuu, na akikosa aonywe kwa maneno, asipigwe. Kazi inayolea humwachia mtoto masomo yake, usingizi wake na Jumapili yake.

Pili, tuwaonyeshe hesabu. Nyumba nyingi za wakulima hupokea fedha za chai, za maziwa au za ndizi, na kijana hajui hata siku moja zimeingia ngapi na zimekwenda wapi. Ndipo anapodai simu ya bei kubwa, nasi twamwita mwana mpotevu. Hajui kwamba nyumba ina deni la pembejeo. Mketishe mezani mwisho wa mwezi, mpe kalamu, aandike yeye: mapato haya, kodi ya chumba chake hii, dawa za bibi hizi, zaka hii. Kijana aliyeandika hesabu hiyo miezi sita atabadilika. Twajua pia kwamba daftari hilo litamwumbua baba anayekunywa fedha za maziwa. Na limwumbue. Hawezi kumfundisha mwanawe wajibu mtu aliyeukimbia wake.

Tatu, turudishe chungu cha mama. Hili ndilo tunaloliomba zaidi ya yote kwa ajili ya watoto walio katika vyumba vya kupanga. Wazazi ambao watoto wao wamepanga mahali pamoja wajuane kwa majina. Wakubaliane kwa zamu, kila mwisho wa juma mzazi mmoja aende, apike chakula kimoja kikubwa, na watoto wote wale pamoja mbele yake. Hatahitaji kufanya upelelezi; atakula nao na kuwasikiliza. Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu zichukue daraka lao. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoziweka mwaka 1976 kuwa msingi wa utume wetu, hawakuwa na nia ya kupata makundi ya kusali rozari na kuchanga fedha tu. Kila jumuiya iliyo karibu na shule ijue vyumba vya wanafunzi vilivyo katika mipaka yake, iwaite watoto hao katika sala ya wiki, Mkatoliki na asiye Mkatoliki, na iwe na mama mmoja au baba mmoja wa kuwabishia hodi. Nani atakayesema kwamba jambo hilo linahitaji mhisani?

Nne, tumpe kila kijana mdogo wake wa kumlinda. Kijana anayeambiwa ajilinde mwenyewe tu huchoka upesi. Akikabidhiwa mdogo, hupata nguvu asiyoijua. Tuwakumbuke Mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga alikuwa kijana, mkubwa wa watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Aliwalinda wadogo waliokuwa chini yake wasiharibiwe, naye Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi, alibatizwa na Lwanga mwenyewe walipojua kwamba mauti i karibu. Wote wawili waliuawa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu pamoja na wenzao tarehe 18 Oktoba 1964. Kijiji chao kilikuwa cha vijana watupu, ndani ya nyumba yenye hatari kuliko geto lolote la Tukuyu, na mmoja wao akawa mzee wa wenzake. Vyama vyetu vya vijana, VIWAWA na TYCS, vina kazi hiyo hiyo: kidato cha tatu kimjue mtoto wa kidato cha kwanza, kimsindikize, kimsaidie hesabu, kimwondolee hofu.

Tano, tuwape kiti. Katika misiba yetu vijana huitwa kuchimba kaburi, kuchota maji na kubeba viti, nao hufanya kwa moyo. Lakini kikao cha kupanga kikianza, huambiwa wakae mbali. Parokiani ni hivyo hivyo: huitwa kuimba na kupanga mabenchi, hawaulizwi neno. Mtu anayeitwa kwa mabega yake tu atajifunza kutumia mabega yake tu. Wazee wa ubusoka hawakukabidhi nchi kwa watu waliookotwa siku ile ile. Waliwatayarisha kwa miaka mingi. Baba, mwonyeshe mwanao na binti yako mipaka ya shamba ungali hai na una nguvu. Mwenyekiti wa jumuiya, mpe kijana daftari la mhazina, ukae karibu naye umwangalie.

Wajibu wa mvulana na wa msichana

Liko jambo moja ambalo twaona aibu kulinyamazia. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya kujifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Twafurahi, maana adhabu ya watu wawili ilikuwa ikibebwa na mmoja. Lakini ruhusa ya serikali haimnyonyeshi mtoto msichana akiwa darasani. Mama mzazi na jumuiya ndio watakaofanya hivyo, nasi twawasihi wasimfiche wala kumtukana binti huyo.

Na mvulana je? Kama aliyemharibu ni mtu mzima, sheria ina neno lake, na wazazi wanaopokea ng'ombe au fedha wakanyamaza wanamwuza mtoto wao. Kama ni mvulana mwenzake wa shule, mara nyingi jamaa zake humtorosha usiku kwenda Mbeya au Dar es Salaam, nao hudhani wamemwokoa. Wamemfundisha somo moja ambalo hatalisahau: kwamba uzito wa tendo lake hubebwa na mwingine. Afadhali abaki, akae mbele ya wazazi wa pande zote mbili, asikie machozi ya binti, na kazi ya mikono yake wakati wa likizo ichangie maziwa ya mtoto. Ni maneno magumu. Lakini ukombozi wa kijana huyo umo katika ukweli, wala haumo katika basi la usiku.

Tena tusiwalee wasichana kwa hofu na wavulana kwa uhuru. Nyumba ambayo dada anapika, anafua na kuchota maji, wakati kaka yake wa miaka 16 amelala na simu, inamwandaa dada kuwa mtumishi na kaka kuwa bwana asiyejua kazi. Kristu aliwaosha miguu wanafunzi wake. Mvulana Mkristu asione aibu kuosha vyombo.

Neno la mwisho

Ndugu wazazi, twajua ugumu wenu. Bei za mazao hupanda na kushuka, mvua za kwetu hazina huruma kwa barabara, na usiku mwili umechoka. Tena ni rahisi kulipa kodi ya chumba kuliko kukaa saa nzima na kijana asiyetaka kusema. Lakini Mungu hatatuuliza tulilipa kodi kiasi gani. Atatuuliza juu ya mtu aliyetukabidhi.

Chagueni basi jambo moja katika haya matano, mlianze kabla mwezi huu haujaisha. Mkitaka kujua lipi, muulizeni kijana mwenyewe ni jambo gani nyumbani angependa kukabidhiwa, na mngoje jibu lake bila kumkatiza. Huenda asijibu siku ya kwanza, lakini msiache kumwuliza.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, msingoje kuitwa watu wazima ndipo mbebe mzigo. Tazameni katika geto lenu, katika kijiwe chenu: yuko mwenzenu anayelala na njaa kwa kuwa chakula alicholetewa kimekwisha na anaona haya kusema. Mwiteni mle naye. Babu zenu walilijua jina la tendo hilo, na Kristu ameliahidia ufalme wa mbinguni.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee wazazi wetu subira, na Watakatifu Karoli Lwanga na Kizito wawaombee vijana wa Rungwe moyo thabiti. Amina.